Pawa stelingi kwenye Hilux LN106 ya zamani

Sheikh, umeuliza kama hio LN106 yako ya kubebea karafuu huko Wete, yenye usukani mzito, inaweza kutiwa pawa stelingi: inaingia na wala hutouza shamba. Ila kwanza piga grisi naki za mbele (vifundo vinavyogeuzia tairi) na pima upepo wa tairi, mara nyengine uzito wote wa usukani uko hapo, hasa kama umevisha tairi pana.

Ukishaamua tafuta seti nzima iliyotoka LN106 nyenzake ya injini ya dizeli aina ya 2L au 3L (hayo ni majina ya injini, si lita), yaani boksi ya stelingi, pampu na kikalio chake, puli, kitungi cha oili, mipaipu na ile shafti ya kati inayounganisha usukani na boksi, maana boksi ya pawa ni ndefu na shafti yako ya sasa haitokaa. Ukiokoteza kimoja kimoja ndo pesa zinapoishia. Boksi ya Toyota Surf usishawishike hata ukipewa kwa bei ya kutupa, mkono wake (ule unaosukuma fimbo ya kugeuza tairi) unapiga kushoto kulia, wako wewe unakwenda mbele nyuma.

Paipu ya kurudishia oili weka ya mtumba na klempu tu, yatosha. Ile ya presha ikabanwe kwa mashine, hapo ubahili hapana! Na chesi (fremu ya gari) ipigwe nyundo kuipima kutu pale boksi inapokaa, chumvi ya bahari hii inaila kwa ndani huku juu rangi inang'ara.

Kutoa hewa inua mbele kwa jeki, injini imezimwa, tia ATF (oili ya gia otomatiki) kwenye kitungi huku unazungusha usukani mwisho hadi mwisho mpaka mapovu yaishe, ndo uwashe.

Puli ya kranki yako ina mifereji mingapi ya mkanda, maana pampu nayo itazungushwa na mkanda kutoka hapo?