Niliyojifunza kwa Filbert Bayi kuhusu kutangulia

Nyumbani kwetu jina la Filbert Bayi lilitajwa kabla sijajua mita 1,500 ni umbali gani. Baba alipenda kusimulia fainali ya tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Wakati ule wakimbiaji wengi wa masafa hayo walipendelea kujibanza nyuma ya wenzao, wakingoja mzunguko wa mwisho ili wachomoke. Bayi, mzaliwa wa Karatu, alitangulia tangu mwanzo, akawaacha wenzake mbali, na John Walker wa New Zealand alipomkaribia katika mita za mwisho akakuta Mtanzania huyo bado ana pumzi. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Hata Walker, aliyekuwa wa pili, aliivunja rekodi ya zamani.

Nilianza kumwiga nilipokuwa nikisomea mitihani ya uhasibu huku nikiwa nimeajiriwa. Nilikuwa na desturi ya kuliahirisha somo la kodi, lililonitisha kuliko yote, hadi wiki za mwisho, na nilikuwa nimelifeli mara mbili. Safari ya tatu niliamua kulitanguliza: niliamka saa kumi alfajiri tangu wiki ya kwanza na kulisoma kwa saa tatu kabla ya kwenda kazini. Mwezi wa pili haukuisha kabla sijaugua kwa uchovu. Nilikuwa nimeichukua kasi ya Bayi bila kuyachukua mazoezi yaliyompa uwezo wa kuibeba kasi hiyo, na naamini hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapomchagua mwanamichezo kuwa mfano: tunaiga siku ya ushindi, ambayo ni sehemu ndogo sana ya maisha yake. Nilipopona nilipunguza hadi saa moja, nikaishika kila siku bila kuruka hata Jumapili, na somo lile nikalifaulu.

Nashauri pia umchague shujaa ambaye umesoma habari zake zote, pamoja na zile zinazouma. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Mwaka uliofuata Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Msimamo huo ulikuwa wa haki, nami nauunga mkono hadi leo, lakini aliyelipa gharama yake ni mtu aliyekuwa katika ubora wake. Walker akaondoka na dhahabu ya mita 1,500.

Bayi hakukaa akinung'unika. Alihamia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na huko Moscow mwaka 1980 akakimbia vilevile, mbele, kwa pengo kubwa, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Alipata medali ya fedha.

Kijana akiniambia kuwa naye anataka kutangulia tangu mwanzo, humwomba asianze na Christchurch. Autazame kwanza mzunguko ule wa Moscow, miguu ikiwa mizito na mpinzani akisogea, kisha aniambie kama bado anautaka mtindo huo.