Anza na saa za mtoto, mfadhili atakukuta

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, nataka kuanzisha programu ya watoto na vijana mtaani kwetu. Kuna mtu ameahidi jezi na mipira. Nianze na usajili au nianze na ukurasa wa Instagram?" Nimeona nimjibu hapa hapa, maana maswali ya aina hii nayapata sana, na najua na wewe unayesoma una mpango wako kama huo umeuandika mahali.

Usianze na lolote kati ya hayo. Anza na saa. Jua watoto wa mtaa wenu wako wapi saa ngapi, na nyumbani nani anawategemea saa hiyo.

Huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, shule nyingi zinasoma kwa zamu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 madarasa yamefurika, kwa hiyo wa mchana anashinda mtaani asubuhi nzima, na wa asubuhi akishatoka ndiyo basi, anazurura hadi magharibi. Baba yuko Kariakoo, mama yuko sokoni. Shimo liko hapo, katikati ya wiki. Sasa angalia programu tunazoletewa: bonanza la Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu ndiyo siku mwenye programu hayuko kazini.

Sisi tulianza Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, kwenye kiwanja cha vumbi, na mpira wa chandimu. Wavulana walijaa. Wasichana wakawa wanasimama pembeni, kila mmoja na mdogo wake kiunoni. Watu wazima wenzangu wakasema wasichana wa Kiswahili hawapendi michezo. Uongo mtupu! Wasichana hao hao jioni walikuwa wanacheza rede mpaka wanaitwa ndani kwa fimbo. Tatizo lilikuwa yule mtoto kiunoni. Tukatandika mkeka chini ya mwarobaini, na mama mmoja anayeuza vitumbua pale kona akakubali kuwaangalia wadogo huku akiendelea na biashara yake. Muda si mrefu tukawa na timu mbili za wasichana. Mkeka, jamani! Hakuna andiko la mradi nililowahi kusoma lenye bajeti ya mkeka.

Sehemu ya vikao na kuhangaika na kiwanja naiacha, haina utamu.

Lakini hili sitaliacha. Kuna taasisi moja, jina sitaji, ilituletea jezi. Watoto waliambiwa wafike saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi akafika saa saba. Wakapiga picha, wakarusha na ile kamera ya kuruka, risala ikasomwa. Halafu jezi zikavuliwa, zikakunjwa, zikarudi kwenye gari, kwa sababu kulikuwa na picha nyingine za kupiga mtaa wa pili. Watoto wakarudi nyumbani vifua wazi, wengine fulana zao walizokuja nazo zimeshapotea kwenye lile vurugu. Mimi ndiye niliyebaki kujibu wazazi. Mpaka leo nikiliona lile gari barabara ya Kilwa nageuza uso.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mwanza, jezi pokea, ila siku ya kuzileta ipange wewe. Jumatano, watoto wakiwa mazoezini. Akikwambia Jumatano hawezi, umeshajua alichokuwa anakifuata.

Na usidhani nasema haya kwa kuwachukia wafadhili. Pale Mathare, Nairobi, kuna chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilianzishwa 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada. Mgeni, tena mwenye marafiki wa kuchangia. Lakini timu zilipewa kazi: mkisafisha mtaa, mkizibua mitaro na kuzoa taka, mnapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Na vijana wenyewe ndio wanaoendesha ligi na kamati. Kutoka huko ikazaliwa Mathare United, ikachukua ubingwa wa Kenya 2008. Mtoto aliyezibua mtaro kwa ajili ya pointi zake humwondoi pale kwa bango.

Wa kwetu hawajachukua ubingwa wowote, lakini wawili wamepita chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, na mmoja wao, fundi umeme, ndiye aliyetufungia taa ya kiwanjani bila kudai hata nauli. Nikimwona juu ya ngazi najisikia kama mimi ndiye niliyemzaa, Mungu anisamehe.

Vijana wenzangu, tuache kuwageuza watoto ngazi ya kupandia. Mtoto si maudhui. Kama huwezi kufika Jumanne ya mvua ambayo hakuna wa kukupiga picha, bora ubaki nyumbani, maana mtoto akishaachwa na watu wazima watatu, wa nne hamwamini tena. Fika. Fika kwa saa ile ile. Nasema tena, fika.

Haya, makaratasi. Nenda serikali ya mtaa ujitambulishe upate barua. Kikundi kinasajiliwa halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii: katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama. Chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, basi picha yake usiitume popote mzazi hajaridhia. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vijana ni mkopo. Hauna riba, ila unarudishwa, na ni wa kikundi chenye biashara. Vijana wako wakubwa wakiwa na mradi wa kuosha pikipiki au kufyatua matofali, wasindikize wakaombe. Mipira ya watoto usiitafutie huko.