HF (hidrojeni floridi) ina tofauti ya elektronegativiti ya 1.78, mbona ni kovalenti (ya kushirikiana elektroni)?

Mdogo wangu, nimekuelewa: daftari linasema tofauti ya elektronegativiti (nguvu ya atomu kuvuta elektroni za bondi) ikizidi 1.7 bondi ni ya ioni, yaani atomu moja humpa nyingine elektroni, na HF inatoa 1.78 (3.98 kutoa 2.20). Hiyo 1.7 ni makadirio tu, usiifanye sheria. Florini huvuta elektroni kuliko elementi zote, lakini haiinyang'anyi hidrojeni kabisa. Zinabaki za pamoja, ila zimeegemea kwa florini. Hapo ndipo polari kali (upande mmoja hasi kidogo, mwingine chanya kidogo) inapotoka. Ona tofauti na kampaundi ya ioni: HF huchemka kwenye nyuzi 19.5 hivi za Selsiasi, NaCl (chumvi ya mezani) hata kuyeyuka inangoja 801!

Kwenye mtihani piga tofauti kwanza, kisha angalia kama kuna metali, maana bondi ya ioni kwa kawaida huwa kati ya metali na isiyo metali. CO₂ nayo huwatega wengi: bondi zake ni polari, molekuli siyo, maana imenyooka na mivuto ya pande mbili inafutana. Mwalimu akishikilia 1.7, muulize mtaala unavyotaka ujibu.