Kilo 96, ziwa na R22: jibu langu kwa anayetaka kusomea helikopta arudi kurusha Mwanza

Mdogo wangu wa Nyakato, nimesoma swali lako mara mbili. Una kilo 96, mzee amekubali kukulipia ada, unataka leseni ya urubani wa biashara, yaani ya kurusha kwa malipo, kisha urudi kufanya kazi hapa hapa Mwanza. Umepata chuo kinachofundishia R22, ile helikopta ndogo ya viti viwili ya kampuni ya Robinson, kwa bei nafuu kuliko vingine. Halafu mjomba ameonyeshwa R22 iliyotumika, anataka kuinunua ili ukusanyie saa za kuruka. Wengi waliotangulia kukujibu wamesema R22 imefundisha marubani wengi duniani, nenda tu. Ni kweli imefundisha wengi, tangu ilipopata cheti Marekani mwaka 1979. Lakini kwa mwili wako na kwa hewa ya kwetu, mimi nakwambia usiende nayo. Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Mimi nilisomea Durban, pwani kabisa. Kule asubuhi ya baridi, helikopta ndogo inainuka unavuta koletivu, ule mpini wa mkono wa kushoto wa kupandia na kushukia, kidogo tu. Nikamaliza leseni, nikarudi nyumbani, nikatafuta mwalimu wa kunizoesha mazingira ya ziwa. Ndege tuliyopata ilikuwa R22 ya zamani, ile yenye injini ndogo ya O-320. Mimi kilo 88, mwalimu zaidi ya 90, tangi limejaa zaidi ya nusu, saa nane mchana, nyuzi 31. Tulikuwa tumetua juu ya mwamba mpana wenye nyasi kando ya ziwa, mbele yetu ukingo, chini ya ukingo maji.

Nikainua. Tukaelea vizuri, lakini mshale wa manifoldi, geji inayoonyesha injini inatumia nguvu kiasi gani, ulikuwa umegusa kikomo, na hapo hatujavuka hata mita moja na nusu kutoka chini. Niliuona. Kwa akili ya Durban nikajisemea, mradi tumeinuka, tutaenda. Nikasukuma saikliki, fimbo ya mkono wa kulia inayoelekeza ndege, mbele taratibu, tukatambaa mpaka ukingoni. Tulipouvuka tu, ile hewa iliyobanwa kati ya mapanga na mwamba, iliyokuwa imetushikilia kama mto wa kulalia, ikaisha. Ndege ikazama. Mkono wangu wa kushoto ukavuta koletivu juu, wenyewe, kama mtu anayejishika asianguke. Hapo king'ora kikalia masikioni na taa ya njano ikawaka: mzunguko wa mapanga umeshuka chini ya asilimia 97.

Mwalimu hakusema kitu. Aliushika mkono wangu akaushusha pamoja na koletivu, akazungusha throtoli kuongeza moto wa injini, tukateremka kuelekea majini. Niliona viwimbi vimoja vimoja na povu la pembeni ya jiwe. Mzunguko ukarudi, mwendo ukapanda, ndege ikatetemeka kidogo kama inavyofanya mapanga yanapoanza kupata hewa mpya, tukapanda. Tulikuwa kama mita nne juu ya ziwa. Tulipotua tena akaniuliza swali moja: "Ulipoona manifoldi imefika kikomo tukiwa tunaelea, ulitegemea pawa ya kuvukia ukingo itoke wapi?"

Swali hilo ndilo nataka ulibebe unapochagua ndege. Bei ya saa itazame baadaye. Kwanza tazama akiba: ukishainuka na mwalimu pembeni, mchana wa joto, kinabaki nini mkononi?

Watu wakiona maji wanadhani tuko pwani. Ziwa Victoria lenyewe liko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,130, na uwanja wetu wa ndege uko futi 3,763. Siku ya nyuzi 30, hewa ya pale uwanjani inakuwa nyepesi kama ya futi 6,400 hivi. Mapanga yanafanya kazi kwenye hewa hiyo nyepesi, siyo kwenye futi zilizoandikwa kwenye ramani. Rota ya mkia nayo inataka sehemu yake ya pawa, na upepo ukikujia vibaya inataka zaidi.

Sasa chukua kalamu. R22 inaruhusiwa kuruka na uzito wa kilo 622 tu, kila kitu ndani. Yenyewe tupu ni karibu kilo 400. Zinabaki 222. Wewe 96, mwalimu tuseme 85, jumla 181. Zimebaki kilo 41 za mafuta, ambazo ni lita 57 hivi. Injini inakunywa lita thelathini na kitu kwa saa. Ukitoa akiba ya kurudia, unapata saa moja na dakika chache za somo, na kila somo unalianza ukiwa kwenye kikomo cha juu kabisa cha uzito. Tena kiti kimoja cha R22, pamoja na kisanduku cha mizigo kilicho chini yake, mwisho wake kilo 109. Viatu, hedseti, mkoba, chupa ya maji: hesabu mwenyewe. Karatasini inakubalika. Kwenye mwamba wa pale kwetu mchana, ni jambo jingine.

Kuna lingine zito kuhusu R22. Mapanga yake ni mawili na ni mepesi, kwa hiyo hayabebi nguvu nyingi ndani yake. Injini ikizima una kama sekunde moja ya kushusha koletivu kabla mzunguko haujafika mahali usiporudi. Mapanga hayo mawili pia yamefungwa kwa mtindo wa bembea: ukisukuma saikliki mbele kwa nguvu mpaka mwili wako uhisi kuelea kitini, kitovu cha mapanga kinaweza kugonga mlingoti, yaani mhimili unaoyazungusha, na kuukata. Ndiyo sababu mwaka 1995 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa kanuni maalumu za mafunzo kwa R22 na ndugu yake kubwa wa viti vinne, R44, peke yake. Mwanafunzi wa R22 kule alitakiwa apate saa 20 na mwalimu kabla ya kuachwa aruke mwenyewe. Sisemi ni ndege mbovu. Ni ndege inayotaka mkono mwepesi na akiba kubwa, na wewe akiba hiyo umeshaimaliza kabla ya kuwasha injini.

Kwa hiyo uchaguzi wako, kwa maoni yangu, ni kati ya R44 na Cabri G2.

R44 Cadet ndiyo ningeitazama kwanza. Ni R44 iliyotolewa viti vya nyuma, ilitoka mwaka 2016, inaruhusiwa kilo 998, na wewe na mwalimu wako mnaweza kujaza tangi zote mbili na bado hamjafika kikomo. Injini ni ya silinda sita, usukani una hidroliki, mapanga ni mazito zaidi, kwa hiyo otorotesheni, yaani kushuka injini ikiwa imezima, inakupa muda wa kufikiri. Onyo la kusukuma saikliki mbele linabaki pale pale, maana kitovu chake ni cha mtindo ule ule.

Cabri ni ya Mfaransa Bruno Guimbal, cheti ilipata 2007. Kilo 700, mapanga matatu yaliyofungwa tofauti, rota ya mkia imefichwa ndani ya duara. Kwako itachukua mafuta ya kutosha ingawa siyo tangi zima. Mapanga yake yanazunguka kinyume na ya Robinson: ukiongeza pawa unakanyaga pedali ya kulia, siyo ya kushoto. H125, helikopta ya kazi utakayoiona sana Afrika Mashariki, nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo miguu yako itakuwa imeshazoea. Kabla ya kuamua, uliza fundi mwenye leseni ya aina hiyo anakaa mji gani. Ndege nzuri iliyosimama miezi miwili ikisubiri kipuri haikuongezei saa hata moja.

Schweizer 300 ipo pia, ngumu na mvumilivu kwa wanafunzi, ila ukiipata leo itakuwa na umri mkubwa. Sitaizungumzia zaidi.

Popote utakaposoma, mambo ya ziwa yaombe yafundishwe kwa makusudi, kwa sababu vyuo vilivyo mbali na maji huenda visiyatilie mkazo. La kwanza ni barafu kwenye kabureta. Utashangaa, barafu Mwanza? Ndiyo. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, joto nyuzi 22 na unyevu umejaa, hewa ikipita kwenye kabureta inapoa mpaka inaganda. Injini hizi, zilizowekewa kikomo chini ya uwezo wake, zinaruka throtoli ikiwa haijafunguka sana, ndiyo maana zinashikwa kirahisi. Kibaya zaidi, gavana, kifaa kinachoshikilia mzunguko wa mapanga, inakuficha: barafu ikijijenga, yenyewe inaendelea kufungua throtoli, mzunguko unabaki sawa, wewe unaona kila kitu kizuri mpaka inapokosa pa kufungua. Angalia geji ya joto la kabureta kila baada ya dakika chache, usiuache mshale ukae kwenye njano.

La pili ni maji yaliyotulia. Kuna asubuhi, kutoka Kapripointi mpaka Igombe, ziwa limelala kama kioo, na jicho halijui kama uko mita tano au hamsini. Weka ufukwe au mtumbwi pembeni ya macho yako, na boya la kuokolea ulivae mwilini, usiliweke nyuma ya kiti.

La tatu ni usiku. Mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa wanawasha taa ziwani kote. Ukiwa chini unaona uzuri. Ukiwa juu, taa zile zinaungana na nyota na mstari wa upeo unapotea kabisa. Nimewahi kuinamisha ndege kidogo kidogo nikifuata safu ya taa nikidhani ndiyo upeo, mpaka mwenzangu akanionyesha kidole kwenye geji. Usiku juu ya ziwa, amini geji.

Kuhusu njia yenyewe, kwa haraka: anza na medikali, yaani cheti cha afya cha rubani, daraja la kwanza kabisa kwa kuwa unataka biashara, kabla mzee hajalipa shilingi. Leseni ya binafsi ni saa 40, au 35 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Ya biashara ni 150, au 100 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Kabla ya kwenda nje, pita TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, uulize watabadilishaje leseni ya nchi hiyo. Na ukitafuta kazi, saa 100 za R44 zina maneno zaidi kwa mwajiri kuliko saa 100 za R22.

Sasa ya mjomba. R22 hufunguliwa yote na kujengwa upya ikifikisha saa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Bei ya kuvutia mara nyingi maana yake ndege imekaribia hapo, na gharama ya kazi hiyo inaweza kuzidi alicholipa. Wauzaji hupenda kutaja saa zilizobaki na kunyamaza kuhusu miaka. Ulizia na mafuta: ndege za abiria zinajaza mafuta ya jeti, hii inataka petroli ya ndege, na usidhani utaikuta kila uwanja.

Mwambie asitoe hata shilingi ya kushikilia. Nitumie inboksi picha za kurasa za mwisho za logibuku, kitabu cha kumbukumbu za ndege, na ukurasa wenye tarehe ya ovaholi, yaani kule kujengwa upya. Kesho jioni nitakuwa nimetulia, nitazipitia zote.