Grauti isikuharibie tailizi: maswali yenu na majibu

Wiki hii karibu maswali yote ni ya tailizi, na wengi mnalia kitu kimoja, tailizi zimepangwa vizuri kabisa halafu siku ya grauti, ule unga unaokorogwa na maji kujazia mistari kati ya tailizi, ndo kila kitu kinaharibika. Twende nayo.

Fundi shikamoo. Nimepanga tailizi za sebuleni mwenyewe leo asubuhi, nataka nijaze grauti jioni hii nimalize kazi. Inafaa? (Mbagala)

Marahaba mdogo wangu. Usijaze leo, subiri masaa 24 angalau, na kama ulipangia gundi ya mfuko soma mfuko umeandikaje. Ukipiga magoti juu ya tailizi ambayo chini bado mbichi inasogea au inabonyea kona moja na hutaiona mpaka kesho. Huo muda wa kusubiri una kazi yake, toa spesa, vile vijiplastiki vya kutenganisha tailizi, kisha pitisha kisu au msumari kwenye kila mstari ukwangue gundi iliyopanda juu, maana ikibaki pale grauti inakaa nyembamba kama karatasi na inabanduka. Fagia vumbi lote. Mstari msafi na wenye kina ndo nusu ya kazi yenyewe.

Fundi wangu alikoroga simenti nyeupe na maji ikawa uji, akaumwaga sakafu nzima, akausambaza kwa raba halafu akamwaga vumbi la mbao juu akafagia. Sasa sakafu nzima ina ukungu na mistari imeanza kupasuka. Ndo inavyotakiwa? (Ilala)

Hapana dada, na pole sana, hii staili ipo kila mtaa kwa sababu ni ya haraka na simenti nyeupe ni bei rahisi. Uji una maji mengi mno, maji yakishakauka simenti inasinyaa, ndo hizo nyufa, na ile iliyotandazwa sakafu nzima inakaukia juu ya tailizi kabla hajafika upande wa pili kufuta.

Mwambie arudie hivi, au fanya mwenyewe. Kwangua mistari, nunua grauti ya dukani, mistari ya milimita 3 na kuendelea inataka grauti yenye mchanga, iliyo chini ya hapo inataka isiyo na mchanga. Tangulia kuweka maji kwenye ndoo halafu unga unaongeza kidogo kidogo, koroga, iache itulie dakika 5 mpaka 10, koroga tena bila kuongeza maji. Ukichota kwa mwiko ukaugeuza, ibaki imeng'ang'ania. Ikidondoka umezidisha maji.

Sasa fanya eneo dogo, kama mita moja kwa moja hivi. Isukume ndani ya mstari kwa raba ngumu, kisha simamisha raba ukwangue iliyobaki juu ukienda mshazari, ukifuata mstari utaichimbua. Subiri dakika 15 hadi 30, joto la Dar wakati mwingine hata hazifiki hizo, gusa kwa kidole, isipobonyea na isiposhika kidole chukua sponji. Na hapa ndo watu wengi wanakosea: sponji iwe imekamuliwa mpaka haichuruziki, pita mara moja, geuza upande, pita, kisha suuza. Ndoo mbili, moja ya kusuuzia na moja ya maji safi, na maji yakichafuka mwaga, kwa sababu ule ukungu mnaoulalamikia ni unga wa grauti tu mliousambaza wenyewe na maji machafu. Ukimaliza sponji eneo hilo ndo uhamie kwingine, na baada ya masaa mawili matatu urudi ufute kwa kitambaa kikavu.

Ukungu umeshakauka. Nimeambiwa nimwagie asidi. (Mwanza)

Usimwage kaka, asidi kali inakula grauti yenyewe na mapafu yako pia. Kama ni tailizi za kawaida zenye kioo juu, iache grauti ikomae wiki moja au zaidi, lowesha mistari kwa maji matupu, halafu changanya siki na maji mengi, sugua kwa sponji, suuza vizuri. Kama ni mawe kama marumaru asilia au terazo siki usiguse kabisa, inayababua. Na nawaomba sana, siki na jiki visikutane, vinatoa hewa ya sumu, na bafuni ndo kabisa hakuna pa kukimbilia.

Chumba cha mita 4 kwa 3.6, tailizi za 60 kwa 60, boksi ngapi? (Dodoma)

Tailizi moja ni mita za mraba 0.36, boksi la vipande 4 linatoka 1.44. Chumba chako ni 14.4, kwa hiyo boksi 10, chukua 11 za kukatika. Hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja, rangi zinapishana.

Nataka tailizi za bafuni zisizoteleza, nyeupe, na grauti nyeusi. Itatoka? (Kigamboni)

Ile ngozi yake ya kukwaruza inameza rangi. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichokatika, paka, subiri, futa, ukiona weusi umebaki chagua kijivu na uokoe pesa yako. Na maji ya kisima yenye chumvi usikorogee, yanaleta ule unga mweupe kwenye mistari.

Kona ya ukuta na sakafu bafuni inapasuka kila nikijaza grauti. (Tanga)

Itaendelea kupasuka, ukuta na sakafu vinacheza kila kimoja kivyake na grauti haivutiki. Ikwangue yote, acha pakauke kabisa, bandika solotepu ya karatasi pande zote mbili, jaza silikoni ya bafuni, ilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni, na solotepu uing'oe silikoni ikiwa bado mbichi. Usioge humo mpaka kesho yake.