Elizabeth wa Pili alikua malkia wa Uingereza 1952 au 1953?
Ndugu uliyeuliza, ni 1952, tena akiwa Kenya. Usiku wa kuamkia 6 Februari alikua pale Treetops, kile kihoteli cha juu ya mti msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, anaangalia wanyama wanakuja kunywa maji, huku baba yake Mfalme George wa 6 anafariki usingizini Sandringham, nyumba yao ya kifalme kule Uingereza, kwahiyo akawa malkia bila mwenyewe kujua, habari alikuja kupewa na mumewe Philip mchana wakiwa Sagana, hukohuko Kenya. Binti wa miaka 25 jamani, inagusa sana.

Ile ya 2 Juni 1953 ni kuvishwa taji tu, kule kiti hakikai wazi hata dakika. Hata Charles alikua mfalme siku ileile mama yake alipofariki, 8 Septemba 2022, taji akavaa Mei 2023.

Halafu Elizabeth alipozaliwa hakutegemewa kurithi kiti, ni baba yake mkubwa Edward aliachia kiti 1936 amuoe Wallis Simpson, na angepata mdogo wa kiume angerukwa vilevile, sheria hiyo ya mvulana kumruka dada yake wameirekebisha 2013 ndo maana leo Charlotte, mjukuu wa Charles, yuko mbele ya mdogo wake Louis.