Lori la Babu Lilikuwa la Kampuni Gani? Majibu kwa Wasomaji

*Babu alikuwa dereva wa njia ya Zambia mwishoni mwa miaka ya sitini. Lori lake pichani halina mdomo, uso wake ni bapa, na mbele lina vipande viwili vya kromu vilivyopinda huku na huku. Mzee mmoja mtaani anasema ni Leyland. Ni kweli? – Msomaji, Iringa*

Hapana, hilo ni Fiat, na kwa ninavyoiona picha uliyotuma, ni 682. Hivyo vipande vya kromu ndivyo vilivyolitambulisha. Waitalia wenyewe waliuita uso huo *baffo*, yaani sharubu, na ukiangalia tena utaona kweli lori lina masharubu.

Historia ya babu yako nayo inakubali. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilianza kuhangaika kutafuta njia nyingine ya kupitisha mafuta na shaba yake, na njia hiyo ikawa ya Dar es Salaam. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake yalikuwa hizo Fiat, zikivuta tela. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika, na wengi hawakurudi. Wazungu waliiita njia ya jehanamu.

Tazama kioo cha mbele kwenye picha yako. Kimejaa vumbi chote, isipokuwa nusu duara mbili zilizofutwa na waipa. Babu alikuwa ametoka safari siku ileile. Kama bibi yupo, muulize habari za Kitonga, ule mlima wa njia hiyo, kabla hujamuuliza jambo jingine lolote.

*Hii ni ya Moshi, nyuma imeandikwa 1953. Boneti ni bapa kama sanduku, grili kavu, hakuna kromu hata kidogo. Mjomba anasema Bedford, baba mdogo anasema Chevrolet. Tuamulie. – Msomaji, Moshi*

Mjomba kashinda, lakini msimcheke baba mdogo. General Motors ya Marekani iliinunua Vauxhall ya Uingereza mwaka 1925, ikawa inaunganisha malori ya Chevrolet huko Uingereza. Mwaka 1931 ndipo jina la Bedford likazaliwa, kutokana na Chevrolet hizohizo. Ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana wazee wengi huzichanganya.

La kwenu limejulikana kwa boneti. Bedford za aina ya O za wakati wa amani zina pua ya mviringo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, kiwanda kiliacha urembo, kikakunja bati moja kwa moja, na pua ikatoka bapa kama hiyo. Kwa hiyo 1953 ni mwaka wa picha, si wa lori. Siku ile lilikuwa limeshatumika miaka minane au zaidi.

*Ubavuni mwa boneti naona namba 1113. Ni ya usajili? – Msomaji, Nakuru*

Siyo. Hiyo ni Mercedes-Benz: tani 11 uzito wote pamoja na mzigo, nguvu za farasi 130. Namba za mtindo huo zilianza 1963, basi picha yako haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

*Lori la marehemu baba lina usukani kushoto, na tunavyojua hakuwahi kuvuka kwenda Kongo wala Burundi. Tumeanza kubishana nyumbani kama alituficha kitu. – Msomaji, Kigoma*

Acheni kubishana. Kwanza mtazame baba mwenyewe, lori baadaye. Mfuko wa shati lake uko kifuani, upande wa mkono wake wa kulia. Utingo aliyekaa kwenye bampa, mfuko wake kulia vilevile. Yule mzee wa pembeni, kulia pia. Mashati ya kiume hushonwa mfuko kushoto, na watu watatu hawawezi kuvaa mashati yaliyokosewa siku moja. Aliyesafisha picha aliigeuza negativu. Weka picha mbele ya kioo cha ukutani: usukani utarudi kulia, na yale maandishi yaliyofifia mlangoni, ambayo mlidhani ni Kifaransa, yatasomeka. Mimi nimesoma "UJIJI". Nimefurahi sana kwa ajili yenu.

*Nimeipitisha picha kwenye programu ya simu inayong'arisha picha, sasa nembo inaonekana vizuri, ila herufi zake sizielewi. – Msomaji, Dodoma*

Huzielewi kwa sababu programu imezitunga. Pale palipokuwa na ukungu imechora kitu kinachofanana na nembo. Nakuomba sana, nitumie ile ya kwanza yenye ukungu. Iweke kivulini mchana, usiwashe flashi, piga mbele na nyuma. Usiibandue kwenye albamu kama imegandia. Ukungu wa kweli una faida kwangu: naona umbali kati ya taa mbili, naona umbo la madigadi.

*Picha ni ya harusi ya shangazi, Mombasa. Lori linaonekana nyuma tu, bi harusi amekaa juu ya mkeka. Unaweza kulitambua? – Msomaji, Mombasa*

Kwa nyuma siwezi. Malori mengi yaliletwa na kichwa na chesisi tu, bodi ya mbao ikaundwa na mafundi wa hapahapa, kwa hiyo nyuma ya Bedford na nyuma ya Austin zaweza kutoka mkono mmoja. Ninachokiona ni bawaba za chuma zilizopigwa kwa nyundo, na mbao zilizopakwa rangi mbili kwa zamu, kazi ya fundi aliyejali. Harusi haipigwi picha moja. Waulize waliokuwa upande wa bwana harusi, huenda wao wanayo ya mbele.